Kibaba, Debe na Lita: Vipimo vya Ujazo katika Njia ya Misafara ya Unyanyembe

Katikati ya karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi aliyekuwa njiani kati ya Bagamoyo na Unyanyembe alikula kwa kibaba. Tajiri aliyemwajiri aliuza pembe za ndovu kwa frasila. Nguo za kununulia chakula vijijini zilikatwa kwa mikono, shanga zikahesabiwa kwa khete, na maji ya kunywa yakawa kadiri ya kibuyu ambacho kila mtu alijibebea. Leo, katika mji wa Tabora uliokua juu ya njia hiyohiyo, mtu ananunua mafuta ya alizeti kwa lita, mahindi kwa debe, nyanya kwa kisado na asali kwa lita au kwa kilo. Ramadhani ikiisha, Mwislamu anatoa pishi ya chakula kabla ya sala ya Idi. Vipimo vya zama mbalimbali vinaishi pamoja katika soko moja, na wenyeji wanavuka kutoka kimoja kwenda kingine bila kushika karatasi.

Vitabu vya historia huvipita vipimo hivi haraka. Huandika kibaba, huweka namba ya kilo kwenye mabano, kisha husonga mbele. Makala haya yanasimama pale kwenye mabano, kwa sababu kipimo cha ujazo hakigeuzwi kuwa lita kwa kuzidisha namba peke yake. Lazima kwanza tujue chombo kilikuwa kipi, kilijazwa vipi, na kilikuwa mkononi mwa nani. Mambo hayo matatu yakikosekana, namba tunayoiandika haina mguu wa kusimamia. Yakijulikana, namba hiyohiyo inatufungulia mengi kuhusu njaa, haki na mamlaka katika barabara iliyoujenga mji wa Tabora.

Posho ya mpagazi

Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857. Mwenyeji wao alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa na makao makubwa hapo. Burton aliandika kwa kirefu juu ya bei, mizigo na matumizi ya safari, na katika maandishi yake posho ya mtu mmoja kwa siku ni kibaba kimoja cha nafaka, uzito wake ratili moja na nusu ya Kiingereza. Ratili hiyo ni gramu 453.6, hivyo kibaba kilikuwa na takriban gramu 680.

Kibaba kilikuwa daraja la chini katika ngazi iliyojulikana tangu pwani hadi ziwani. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vilifanya pishi. Pishi moja kwa hiyo ilikuwa vibaba vinne, yaani ratili 6 au kilo 2.7. Pishi sita zilikaribia frasila moja, na pishi 60 zilifanya jizla. Ngazi hii iliunganisha shamba na bandari: mwanamke aliyepima mtama kwa kibaba mlangoni pake na karani aliyeandika frasila katika daftari la Unguja walikuwa katika hesabu moja.

Tupige hesabu ya msafara wa watu 100. Kwa siku moja walihitaji vibaba 100, sawa na pishi 25. Kwa siku 10 walihitaji vibaba 1,000, ambavyo ni ratili 1,500 au kilo 680. Huo ni uzito wa karibu frasila 43. Mpagazi alibeba wastani wa frasila mbili, kwa hiyo chakula cha siku 10 peke yake kingehitaji wabebaji 21 au 22, nao pia wangehitaji kula. Msafara uliobeba chakula chake chote ungeishia kubeba chakula tu.

Hesabu hii ndogo ya kibaba inaeleza kwa nini misafara ilinunua chakula hatua kwa hatua, kwa nini ukame katika Ugogo uliweza kukwamisha biashara ya nchi nzima, na kwa nini Unyanyembe, yenye mashamba ya mtama, mahindi, viazi vitamu na baadaye mpunga, ilipata nguvu kubwa. Pembe za ndovu zilileta matajiri Kazeh. Kilichowawezesha kukaa ni nafaka ya wakulima wa Kinyamwezi, na nafaka hiyo ilipimwa kibaba kwa kibaba.

Tele na mfuto

Kibaba kilikuwa na njia mbili za kujazwa. Kibaba cha mfuto kilijazwa hadi ukingoni, kisha juu pakafutwa kwa mkono au kijiti, nafaka ikawa sawa na mdomo wa chombo. Kibaba cha tele kilijazwa mpaka nafaka ikainuka juu ya ukingo na kuanza kuporomoka pembeni. Wote walioshika kibaba walijua tofauti hiyo, na mapatano ya bei hayakukamilika mpaka ijulikane ni kipi kati ya hivyo viwili.

Mkono wa mpimaji nao ulikuwa na kazi yake. Nafaka ikimiminwa polepole hukaa kwa wepesi, na ndani yake hubaki nafasi nyingi. Chombo kikitikiswa au kugongwa chini, nafaka hushuka na kuomba nyongeza. Mdomo wa chombo ukiwa mpana, kichuguu cha tele huwa kikubwa. Ukiwa mwembamba, huwa kidogo. Vyombo viwili vyenye ujazo sawa kwa mfuto vinaweza kutofautiana sana kwa tele. Muuzaji alipenda mdomo mwembamba na mmiminiko wa taratibu, mnunuzi akataka mdomo mpana na chombo kilichotikiswa.

Hapa ndipo mabano ya kilo yanapoanza kuyumba. Kamusi za zamani zilizoandikwa na wamisionari na maofisa wa Kiingereza zinakisia kibaba kuwa karibu painti moja. Painti ya Kiingereza ni lita 0.57. Wasafiri nao wanatoa uzito wa ratili moja na nusu, yaani kilo 0.68. Lakini lita moja ya nafaka kavu kama mtama au mchele ina uzito wa takriban kilo 0.75 hadi 0.8. Ili kupata kilo 0.68 tunahitaji chombo cha lita 0.85 hadi 0.9, ambacho kinazidi painti kwa nusu yake. Kichuguu cha tele peke yake hakiwezi kuziba pengo kubwa namna hiyo. Ama vibaba vilitofautiana kutoka mahali hadi mahali, ama painti ilikuwa kisio la mtu aliyetafuta katika lugha yake chombo kinachofanana na kile alichokiona. Swali hili tutalirudia, kwa sababu kuna mahali ambapo pishi haikuacha kutumika.

Maji ya Mgunda Mkali

Kati ya Ugogo na Tura, mlango wa mashariki wa Unyamwezi, palikuwa na pori la vichaka na miiba lililoitwa Mgunda Mkali. Njia ilikuwa ndefu, vijiji vichache, na wakati wa kiangazi visima vilikauka. Humo ndimo kipimo cha maji kilikuwa suala la uhai.

Maji yana fadhila moja katika hesabu: lita moja ina uzito wa kilo moja. Tukimpa kila mtu lita tatu tu kwa siku ya jua kali, msafara wa watu 100 unahitaji kilo 300 za maji, ambazo ni karibu frasila 19. Hiyo ni mizigo tisa au kumi kwa siku moja tu. Hakuna tajiri aliyekuwa tayari kuacha mizigo kumi ya nguo ili abebe maji, na hakuna mpagazi aliyekuwa tayari kuongezewa maji ya wenzake juu ya frasila zake mbili.

Kwa hiyo maji hayakuwa mzigo wa msafara. Kila mtu alikuwa na kibuyu chake, na kibuyu kilichaguliwa kwa nguvu za mbebaji na urefu wa njia. Vibuyu havikuwahi kuwa na ukubwa mmoja, na havikuhitaji kuwa nao, kwa kuwa hakuna aliyemuuzia mwenzake. Kilichopimwa kwa pamoja kilikuwa mwendo. Wasafiri wanaeleza utaratibu ulioitwa telekeza: watu walikunywa na kujaza vibuyu kwenye maji ya mwisho, wakaondoka alasiri, wakalala porini pasipo maji, kisha alfajiri wakaendelea mpaka kwenye maji mengine. Kwa njia hiyo kibuyu kimoja kilivusha mtu sehemu ambayo kwa mwendo wa kawaida ingehitaji viwili.

Utaratibu huu ni ushahidi wa akili ya vipimo iliyokomaa. Kiongozi wa msafara hakuwa na lita. Alikuwa na ujuzi wa kulinganisha ujazo, joto, saa za kutembea na umbali wa kisima, na hesabu hiyo aliifanya akijua kwamba ikikosewa watu watakufa. Mtu anayedai kwamba vipimo vya jadi vilikuwa vya kukadiria tu hajafikiria uzito wa kukadiria huko.

Uzito ulikuwa na shahidi

Bidhaa za thamani hazikuachiwa chombo. Pembe za ndovu zilipimwa kwa mizani, na kipimo chake kilikuwa frasila. Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye ukoo wake ulikuwa na makao Ituru karibu na Tabora, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na humo anazitaja pembe zake kwa frasila. Frasila ilikuwa fedha ya mawazo ya matajiri wote wa Unyanyembe.

Nguvu ya frasila ilitokana na mzizi wake. Wakia ya Unguja ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha, ile sarafu ya Maria Theresa iliyotengenezwa Austria na kuzunguka Bahari ya Hindi yote. Sarafu hiyo ina gramu 28 na ziada kidogo. Wakia 16 zilifanya ratili, ratili tatu zikafanya mani, na mani 12 zikafanya frasila. Ukizidisha, unapata wakia 576, ambazo ni kilo 16.2. Waingereza waliikadiria frasila kuwa ratili zao 35 au 36, yaani kati ya kilo 15.9 na 16.3. Hesabu mbili zilizoanzia pande mbili za dunia zinakutana mahali pamoja.

Maana yake ni kwamba aliyekuwa na reale na mizani angeweza kuikagua frasila popote, Unguja, Kazeh au Ujiji. Sarafu ilikuwa shahidi asiyependelea. Nguo na shanga nazo zilikuwa na shahidi wa aina yake, yaani mwili wa mtu: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na khete 10 zilifanya fundo. Mkono wa nani, hilo lilikuwa jambo la kugombania, lakini angalau mkono ulionekana na wote.

Ujazo haukuwa na shahidi wa namna hiyo. Kibaba cha Kazeh hakikuweza kupelekwa Unguja kikalinganishwe na sarafu. Chombo chenyewe kilikuwa sheria, na mwenye chombo alikuwa hakimu. Mpagazi aliyepewa posho kwa kibaba cha tajiri hakuwa na mahali pa kukata rufaa isipokuwa kelele za wenzake. Kwa sababu hiyo bidhaa za matajiri zilikuwa na kipimo kilichothibitishika, na chakula cha wapagazi kilikuwa na kipimo kilichotegemea wema wa mpimaji. Tofauti hii haikutokana na ukosefu wa ujuzi. Mizani ilikuwepo. Iliwekwa pale ambapo mwenye nguvu aliihitaji.

Lita ilifika Tabora mara mbili

Januari 1893 majeshi ya Kijerumani yaliivunja ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, naye akajilipua kwa baruti asitiwe mikononi mwao. Baada ya hapo boma la Kijerumani likawa na neno la mwisho Tabora, na pamoja nalo zikaja lita, kilo na mita. Ujerumani ilikuwa imekwisha kuuhalalisha mfumo huo nyumbani tangu mwaka 1872. Mfumo wenyewe ulikuwa umezaliwa Ufaransa wakati wa mapinduzi, ambako lita iliwekwa kisheria mwaka 1795 kuwa ujazo wa mchemraba wenye sentimita 10 kila upande. Fikra ya waliouasisi ilikuwa kwamba kipimo kisitokane na mkono wa mfalme wala kikapu cha kabaila.

Reli ya kati iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gari moshi moja lilibeba tani ambazo zamani zingehitaji mamia ya mabega. Frasila mbili za mpagazi zikapoteza kazi yake ndani ya miaka michache, na kilo na tani zikachukua nafasi katika stakabadhi za stesheni.

Septemba 1916 Wabelgiji waliiteka Tabora. Nao walitumia mfumo wa mita, kwa hiyo lita na kilo ziliendelea. Waingereza walipokabidhiwa mji huo mwaka 1917 ndipo mambo yalipogeuka. Tabora iliyokuwa imeishi na lita kwa zaidi ya miaka 20 ikapelekwa kwenye galoni, painti, ratili, yadi na maili. Mwanafunzi wa Tabora wa miaka ya 1930 alikariri kwamba painti nane ni galoni moja, wakia 16 ni ratili moja, futi tatu ni yadi moja na yadi 1,760 ni maili moja. Nje ya darasa, treni zilipita juu ya reli ambayo upana wake ni mita moja kamili. Mita ya Wajerumani ilibaki imepigiliwa ardhini, na juu yake umbali ukahesabiwa kwa maili.

Lita ilirudi mwishoni mwa miaka ya 1960, Tanzania huru ilipouchagua mfumo wa mita. Mzee aliyezaliwa Tabora mwanzoni mwa karne ya 20 aliweza, katika maisha yake, kuishi chini ya lita ya Mjerumani, galoni ya Mwingereza na lita ya Jamhuri, huku mkewe akipima unga kwa pishi wakati wote huo. Serikali nne zilipita, na vipimo vya ofisini vikabadilika. Jikoni palibadilika kwa mwendo wake.

Debe, mtoto wa galoni mbili

Chombo kilichobadilisha jiko na soko hakikuletwa na sheria. Kililetwa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ya Kimarekani, mengi yakiwa ya kampuni ya Standard Oil, yalisafirishwa duniani kote katika makopo ya bati yenye pande nne, mawili katika kila kasha la mbao. Kila kopo lilikuwa na galoni tano za Kimarekani. Mafuta yakiisha, kopo lilianza maisha mapya: lilichota maji, lilihifadhi asali, lilipikia pombe, lilinyooshwa likaezekea nyumba, na juu ya yote likawa kipimo.

Galoni ya Kimarekani ni lita 3.785, na tano kati yake ni lita 18.9. Galoni ya Kiingereza, iliyowekwa kisheria mwaka 1824, ni lita 4.546. Katika makoloni ya Waingereza kopo lilelile likaitwa la galoni nne, ambazo zingekuwa lita 18.2. Kwa hiyo debe lilizaliwa kati ya galoni mbili zisizolingana, na likakataa kuwa mali ya yoyote kati yake. Baadaye zikaja ndoo na madumu ya plastiki ya lita 20, na jina la debe likahamia huko. Neno moja limebeba lita 18.2, 18.9 na 20. Mwanahistoria anayesoma bei za debe za mwaka 1935 na kuzilinganisha na za 1995 bila kuuliza habari za chombo anaweza kukosea kwa asilimia kumi kabla hajagusa suala la fedha.

Wananchi hawakungoja mtu awapangie ngazi mpya. Waliijenga wenyewe. Debe sita zikawa gunia. Kopo la lita nne likawa kisado, na visado vitano vikajaza ndoo ya lita 20. Ngazi hii ina mantiki ileile ya kibaba na pishi: chombo cha mkononi, chombo cha kichwani, mzigo wa kusafirisha. Vyombo vilitoka kiwandani, ngazi ikatoka katika desturi.

Tele na mfuto nazo zikahamia. Debe sita za mfuto za lita 20, zikiwa na mahindi makavu, zinakaribia kilo 90. Zikijazwa tele zinafika kilo 100 na kupita. Gunia likishindiliwa na kuongezewa kilemba cha kamba juu ya mdomo linaitwa lumbesa, na mkulima analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo unaozidi gunia. Serikali imeipiga vita lumbesa kwa miaka mingi kupitia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002. Mgogoro huu ni uleule wa posho ya mpagazi: mwenye fedha ndiye anayeamua kichuguu kiwe cha ukubwa gani.

Lita ya asali na kilo ya asali

Mkoa wa Tabora una misitu mikubwa ya miombo, na asali yake inajulikana mbali. Warina asali wametundika mizinga ya magome na ya magogo kwa vizazi vingi, wakitoa asali na nta. Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki Tabora kiliundwa mwaka 1962, na mjini Tabora kipo Chuo cha Nyuki. Katika biashara hii kugeuza vipimo ni suala la mfukoni.

Tuchukue ndoo moja ya lita 20, tuijaze vitu mbalimbali na kuipandisha kwenye mizani, tukiacha kando uzito wa ndoo yenyewe. Ikijaa maji, mizani inaonyesha kilo 20. Ikijaa mafuta ya alizeti, inaonyesha kilo 18 na ushee, kwa kuwa lita ya mafuta ya kula ina takriban kilo 0.92. Ikijaa mafuta ya taa, inaonyesha kilo 16. Ikijaa mahindi ya mfuto, inaonyesha kilo 15 hivi. Ikijaa asali, inapanda hadi kilo 28, kwa sababu lita ya asali iliyoiva ina takriban kilo 1.4. Ndoo ni moja, ujazo ni mmoja, na uzito ni wa aina tano.

Mrina asali anayekubali kwamba ndoo ya lita 20 ni kilo 20 amempa mnunuzi kilo nane za bure katika kila ndoo. Kwa ndoo 10 amepoteza kilo 80. Mnunuzi wa mafuta ya kula naye akiuziwa kilo kwa bei ya lita anafaidika kidogo, na akiuziwa lita kwa bei ya kilo anapunjwa. Makosa haya hayatokani na ujinga. Yanatokana na mazoea ya maji, ambayo peke yake yana lita na kilo zinazolingana, nasi sote tumejifunza kupima kwa maji.

Kuna jambo la pili ambalo wazee wa asali wanalijua bila mizani. Asali yenye maji mengi ni nyepesi, na huchacha upesi. Ndoo mbili za asali zenye ujazo sawa zikitofautiana uzito, ile nyepesi ndiyo ya kutiliwa shaka. Lita na kilo zikitumika pamoja zinatoa habari ambayo kimoja peke yake hakiwezi kuitoa: zinapima kiasi na zinapima ubora. Huu ni mfano wa kugeuza vipimo unaomlinda mzalishaji, na ungefaa kufundishwa katika kila kijiji chenye mizinga.

Pishi msikitini

Tulirudie sasa swali la kibaba. Ipo taasisi moja katika njia ya misafara ambayo haikuacha kupima kwa ujazo hata siku moja, nayo ni zaka ya fitri. Sheria ya Kiislamu inaagiza saa moja ya chakula kwa kila mtu; saa hapa ni kipimo cha ujazo, nayo ni mudi nne. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vilivyokutanishwa vya mtu wa kimo cha wastani. Waswahili waliilinganisha saa na pishi, na mudi na kibaba. Anayelipa fidia ya siku ya kufunga iliyompita hutoa kibaba kwa kila siku.

Masheikh wa Afrika Mashariki, wakiulizwa pishi ni kilo ngapi, kwa kawaida hujibu kilo mbili na nusu, na wengine hupendekeza tatu kwa tahadhari. Pishi ya wasafiri wa karne ya 19 ilikuwa ratili 6, ambazo ni kilo 2.7. Imo katikati ya namba hizo mbili. Pishi ya painti nne, yaani lita 2.3, ikijazwa mchele kwa mfuto ingetoa kilo 1.8 hivi, mbali na hesabu za masheikh na za misafara kwa pamoja. Nikipima ushahidi huu, naamini kwamba kibaba cha njiani kilikuwa chombo kikubwa kuliko painti, na kwamba namba ya painti iliyonakiliwa kwa miaka mingi inawapunja wapagazi chakula chao hata katika vitabu.

Msikiti umetunza jambo jingine pia. Masheikh wanasisitiza kwamba asili ya fitri ni ujazo, na kilo ni wepesi wa kukadiria, kwa sababu pishi ya mchele, ya tende na ya unga hazina uzito mmoja. Hiyo ndiyo kanuni ya ndoo ya asali, iliyohifadhiwa katika fikihi kabla ya wakala wowote wa vipimo kuanzishwa.

Kazi iliyo mbele yetu

Tembe la Kwihara, alikokaa David Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi kutoka pwani, limehifadhiwa kuwa makumbusho, na linastahili. Lakini historia ya Tabora ni ya watu waliokula kibaba zaidi kuliko ya mgeni aliyewangoja. Vyombo walivyopimiwa bado vipo katika familia: vibaba vya mbao, visaga, vibuyu vya maji na vya pombe, madebe ya zamani ya bati, makopo ya kupimia samli na asali. Vingi vinatupwa kila mwaka kwa sababu vimetoboka, au vimechukuliwa nafasi na plastiki.

Kuviokoa hakuhitaji maabara. Mwalimu na wanafunzi wake wanaweza kuifanya kazi hii kwa mizani ya dukani. Chombo kipimwe kikiwa kitupu. Kama hakivuji, kijazwe maji hadi ukingoni na kipimwe tena; kilo zilizoongezeka ndizo lita zake. Kisha kikaushwe, kijazwe mtama wa mfuto na kupimwa, halafu mtama wa tele na kupimwa. Kipenyo cha mdomo kiandikwe, pamoja na kijiji kilikotoka, kilipimia nini, na nani alikitumia: mwenye duka, mama wa nyumbani, au mwajiri aliyegawa posho. Shule chache za Tabora, Sikonge, Urambo, Nzega na Ujiji zikifanya hivyo, tutakuwa na jedwali ambalo hakuna kamusi iliyowahi kulitoa.

Jedwali hilo litamfaa mwanahistoria atakayetaka kujua mpagazi alishiba au alishinda na njaa. Litamfaa pia mkulima wa mahindi na mrina asali wa leo, kwa kuwa atakayeona kwa macho yake jinsi kichuguu cha tele kilivyomgharimu babu yake hatakubali kirahisi lumbesa wala ndoo ya kilo 28 inayolipwa kama ya 20. Lita imetupa shahidi ambaye kibaba hakikuwa naye. Ni juu yetu kumtumia pale sokoni, na kuwatafutia wapagazi wa Unyanyembe hesabu ya haki katika vitabu vyetu.